Ile R ya Olivia

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Bonny ameniletea mwanafunzi! Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja, niko karibu kufunga, akaingia dukani na Olivia — yule yule wa filamu, mwenye kope ndefu. Kumbe Jumamosi kuna tuzo za filamu, zinaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na Olivia anawania Mwigizaji Bora wa Filamu ya Kiswahili. Sauti ya filamu hiyo alirekodi Bonny. Anasema Olivia akishinda lazima ashukuru kwa Kiswahili, maana Wakenya na Watanzania watakuwa wanatazama. Kwenye filamu walimrudisha mara ishirini kwa kila sentensi. Jukwaani hakuna kurudia.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi Mkongo. Hapa Kansanga, Kampala, ukiwa Mkongo watu wanadhani Kiswahili ulizaliwa nacho.

Nimekubali, nitafanyaje? Tarehe 25 wazee wa Bonny wanakuja kwa mjomba wangu, Tonton Barnabé, kuniposa. Mtu anayekuja kukuposa humnyimi kitu kidogo kama hicho. Ila Tonton asijue! Amenilea tangu tulipotoka Uvira, na kwake watu wa filamu wote ni walevi. Hata Bonny amemkubali kwa shida, baada ya kuapiwa kwamba kazi yake ni kushika maikrofoni tu. Nimemwambia wiki hii kwaya ina mazoezi kila jioni. Mungu anisamehe. Wimbo wenyewe ni wa toba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jamani, huyu Olivia! Muganda kabisa, l na r kwake ni mapacha, anamwita yeyote aliye karibu. Jana: "Habali zenu. Hii ni filamu bola. Asanteni kwa kula zenu." Nikamwambia dada yangu, watu walikupigia kura, hawakula! Nikachukua rula ya kupimia nguo. Kila akikosea — paa! mezani. Sura yangu kali, moyoni nafurahi. Sijawahi kuwa mwalimu wa mtu.

Leo amerudi kabadilika. Ameiogopa rula mpaka l yote ameitupa. Sasa kila kitu ni r. "Rero ni siku kubwa. Nirikuwa nikirara naota tuzo hii." Nikajifunika kitenge nicheke.

Halafu tukafika kwa Bonny. Hotuba nimeandika mimi, kwa mkono wangu. Kwanza niliweka "nafasi", lakini nafasi zilishakuwa tatu kwenye karatasi, nikabadilisha: "Namshukuru Bonny wa sauti, aliyenipa mahali wakati hakuna mtu aliyenitaka." Na ni kweli. Mwongozaji alikuwa hamtaki kabisa, Bonny ndiye aliyesema mpeni huyu. Olivia akasoma: ariyenipa mahari.

Mahari! Kama bibi harusi! Nikafungua mdomo nimsahihishe — na papo hapo akaanza kunichokoza. Eti, "Wewe Princesse, na nyie Wakongo, 'wanakuja' mnasema 'banakuya', 'tunaenda kufwata', hicho nacho Kiswahiri? Mnakikaanga?" Akacheka mpaka kope moja ikadondoka.

Nikafunga mdomo. Nikamwambia kwa adabu ya Kiganda: vizuri sana, nnyabo, sema hivyo hivyo.

Hata hivyo hashindi. Nani atasikia?

Jumamosi, 18 Oktoba

Ameshinda.

Niandike polepole. Tulikuwa wanne sebuleni tangu saa moja jioni: Tonton, mkewe Tantine Monique na bakuli lake la karanga, mimi, na jirani yetu Acen, askari polisi, aliyekuja na sare mwilini kwa sababu televisheni yake imeungua. Mwanzoni raha tupu! Tantine ndiye alikuwa hakimu wa nguo. Huyu amevaa chandarua. Yule mshonaji wake akamatwe. Acen akasema yuko tayari, apewe amri tu. Mwanaume mmoja akashukuru Mungu, mama, baba, shule ya msingi na daktari wa meno, Tonton akauliza huyu anapokea tuzo au anaandika wosia. Kuna mama alishindwa, kamera ikamkuta anapiga makofi na sura ya mtu aliyekanyagwa kidole. Tantine akaomba warudie, kama vile wanamsikia!

Kisha ikaja zamu ya filamu za Kiswahili. Wakataja Olivia. Niliruka! Tonton akanitazama: unamjua? Nikasema namwona tu kwenye mabango.

Alianza vizuri. Habari zenu — safi. Kura zenu — safi! Nikajiona profesa. "Rero" ikapita, Tantine akasema maskini, machozi yamemkaba koo. Halafu Olivia akashika tuzo kifuani, akatazama kamera, akasema taratibu, kila herufi mahali pake isipokuwa ile moja: "Namshukuru Bonny wa sauti, aliyenipa mahari wakati hakuna mtu aliyenitaka."

Karanga ya Tantine ikaishia njiani kwenda mdomoni. Kisha kamera — nani aliwatuma! — ikamtafuta Bonny. Huyo hapo mezani, suti ya kuazima, kajishika kichwa, anacheka. Ukumbi mzima ukalipuka. Acen akapiga kelele, "Banange! Jamaa ana mke!" Tantine alisema Yesu mara tatu. Tonton alichukua rimoti, akazima, akakaa anaangalia kioo cheusi.

Baadaye akaniuliza, kwa upole kabisa, kina Bonny wa sauti wako wangapi Kampala.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani wote wameona. Mama mmoja kanishika mkono kama nimefiwa. Vijana wa vyombo wamekiweka kile kipande kwenye simu, wanakirudia nyuma ya spika. "Hakuna mtu aliyenitaka" — halafu wanagonga ngoma!

Bonny amepiga. Bado anacheka! Amekulia kambini, baba yake mwanajeshi kutoka kaskazini, Kiswahili cha kuamriwa anakijua. Alielewa palepale kwamba ni mahali. Nikamwuliza, sasa ulicheka nini? Akasema: nilikuwa kwenye televisheni, ulitaka nilie?

Kisha akasema dawa ni rahisi. Mwonyeshe Tonton karatasi, mwambie hotuba uliandika wewe, na mwalimu ulikuwa wewe. Nikasema haiwezekani, nilisema niko kwaya. Nimemdanganya siku nne mfululizo, mzee aliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka! Bonny akasema basi, mimi sitakutaja.

Angenifokea ningejisikia nafuu. Na hiyo ni nusu tu ya dhambi. Kwamba nilisikia Alhamisi nikanyamaza, hilo sijamwambia.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo mteja kaomba nimshonee "gauni la mahari". Nimepima, nimetabasamu, nimemchoma na pini. Bahati mbaya, nimesema.

Tonton ameamua. Wageni waje, yeye hafungii watu mlango. Lakini kijana atajibu mbele ya mzee wake, na jibu likiwa bovu chai yao wataenda kunywea kituo cha basi. Nimejaribu mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anasali. Mara ya pili aliniuliza kwaya inaendeleaje, akasema anajivunia mimi. Nikatoka nje nikaosha vyombo vilivyo safi.

Nampenda huyu Bonny. Nampenda kabisa, na nimemchoma mwenyewe kwa sababu ya "banakuya".

Jumamosi, 25 Oktoba, saa tisa mchana

Niko chumbani. Tantine amekaa mlangoni kama askari gereza. Kwetu anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Kwa hiyo naandika, sikio langu liko kwenye pazia.

Wamefika. Bonny, mjomba wake Mzee Saverio, sajini mstaafu — na Olivia! Sikuamini. Amekuja mwenyewe kumsafisha Bonny. Bila kope! Nimechungulia: kapiga magoti mbele ya Tonton, kama Waganda wanavyomsalimia mkubwa. Nimeona aibu, maana mimi nilimwona mtu wa kope tu.

Tonton kasema, haya, eleza.

"Mzee, mimi sikusema mahari," kasema Olivia. "Nirisema mahari."

Tonton kauliza tofauti iko wapi.

"Mahari ya kwanza ni ng'ombe, mzee. Mahari ya piri ni kama hapa. Hapa turipo ni mahari. Pare nje ni mahari pengine."

Tantine ameuma khanga yake, mabega yanaruka. Mzee Saverio anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mimi nimezika uso kwenye mto nikacheka, nikacheka, mpaka nikashangaa kwamba nalia.

Tonton hacheki. Anamwuliza: binti, nani alikufundisha Kiswahili hiki?

Olivia hajibu. Lazima Bonny alimwapisha. Mtoto wa watu, angenitaja tu, ana haki yote! Hajibu.

"Ni mimi, mzee." Bonny! "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Ai, Bonny. Ai!

Tonton anauliza kwa muda gani. Bonny anasema siku tatu nne hivi. Saa ngapi? Jioni, mzee, baada ya kazi. Nani mwingine alikuwepo?

Bonny kimya.

Tonton anarudia, polepole: jioni, siku nne, wewe na huyu binti, na hakuna mwingine. Wiki moja kabla ya kuja kwangu kuposa.

Nasikia kiti kinasukumwa nyuma. Mzee Saverio anauliza kofia yake imewekwa wapi.

Nimesimama. Tantine amenishika sketi, ananiambia kwa midomo tu, bila sauti: kaa, hujaitwa.

Kweli. Hakuna aliyeniita. Naichomoa sketi kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, ile karatasi ya hotuba mkononi, na