Siku ya Kaya na Watoro Wawili wa Ilomba

Alhamisi jioni, mwezi wa saba. Mbeya imefunga baridi tangu asubuhi, ile ya kukufanya uoge kwa kujishauri. Nimevaa soksi mbilimbili, chai ya tangawizi iko pembeni, na hasira ya leo haijaniisha yote. Mnaonijua mnajua: mimi ni Mhehe wa Kalenga, nikiudhika sifichi. Lakini hii ni hasira nzuri. Inanikalisha wima.

Nianze mwanzo, maana siku hizi shajara hii inasomwa na watu wasionijua. Nafanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa huduma za presha. Tunatafuta kwa nini wagonjwa wanaanza dawa halafu wanapotea, na nini kifanyike ili kituo cha afya kiendane na maisha ya mgonjwa, badala ya mgonjwa kukimbizana na kituo. Majina nimebadilisha, na ninaowaandika hapa wameniruhusu.

Tulibuni mpango tukauita Siku ya Kaya. Wagonjwa wa familia moja wanapangiwa siku moja ya kliniki, wanakuja pamoja, mmoja anamkumbusha mwingine. Tulianzia Iringa, kwenye zahanati iliyo karibu na kwetu. Mama yangu mwenyewe ana presha, na wifi yake pia. Zamani walikuwa wanakwenda siku tofauti na kila mmoja alikuwa na visingizio vyake. Tulipowaweka siku moja, ikawa kama wanaenda harusini. Wanavaa vitenge vya sare, wanasengenya njia nzima, wanarudi na dawa zao. Dokta, kiongozi wa mradi wetu, akawa anatembea anatabasamu.

Nami nilijipiga kifua. Tulipouleta mpango huo Mbeya, mimi ndiye niliyesimama mbele ya manesi wa kituo kimoja hapa mjini, nikausifia mpaka mate yakanikauka.

Hapa ukagoma.

Haukugoma kwa kila mtu. Vijana walikuja, mabibi walikuja, ila wanawake walioolewa wakaanza kupungua mmoja mmoja, na baadhi ya wazee nao. Kliniki zetu zina neno kwa mgonjwa asiyerudi: mtoro. Kama mwanafunzi aliyeruka ukuta wa shule. Anaitwa mtoro asipokuwepo, na siku akijitokeza anapokelewa kwa maneno ya kumrudisha alikotoka. Rasimu ya ripoti yetu ilikuwa imeshataja sababu ya utoro huo: uelewa mdogo wa wagonjwa. Na pendekezo likafuata hapohapo, kwamba elimu itolewe.

Sentensi ile ilinikera. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuwauliza.

Basi juzi Jumanne nikaenda Ilomba kumtafuta Mama Tumpe, mama wa makamo anayeuza parachichi sokoni, mzaliwa wa Rungwe. Alikuwa mgonjwa mzuri kabla ya Siku ya Kaya, hakosi. Baada ya hapo alikuja mara moja tu, akapotea. Nilimkuta nyumbani, akanikaribisha jikoni kwenye joto la mkaa, akaniwekea ndizi za kuchemsha kabla sijasema nimekuja kufanya nini. Nikampima. Nikarudia kupima nikidhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima.

Akakiri kwamba dawa anajinunulia vidonge viwili vitatu duka la dawa, siku ambazo kichwa kinamgonga sana. Siku nyingine macho yanaona kiza akiinuka. Presha ya namna ile haibembelezi mtu, inaweza kumwangusha hapohapo kwenye jiko lake asiinuke tena, na watoto wake bado wanasoma. Niliogopa. Nikamuuliza kwa nini haji, na nadhani sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

Akacheka kidogo, akitazama mkaa. "Dada, wewe si wa kwetu."

Halafu akanieleza. Baba mkwe wake naye anaumwa presha, na kwa mpango wetu wamepangiwa siku moja. Mimi, kwa akili zangu za Kalenga, nikamwambia si ndiyo vizuri, mnasindikizana. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

Kwao, mkamwana hakai sehemu moja na baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Wakikaribia kukutana njiani mmoja anapisha. Jina lake halitamki, hata akiulizwa. Hakuna ugomvi wowote hapo, ni heshima, na mkwe naye anairudisha heshima hiyo kwa kumkwepa vilevile. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, yeye hajaacha na hana mpango wa kuacha. Sasa sisi tukawapangia yeye na mzee huyo benchi moja, kwenye korido ambayo magoti ya watu yanagusana. Dirishani, ambako zamani alikuwa anatoa kadi tu, tukamwambia ataje majina yake matatu kwa sauti, na la mwisho ndilo jina la mkwe wake, ambalo hajawahi kulitoa mdomoni tangu aolewe.

"Nikaona nimwachie baba siku yake," akasema. "Yeye ni mzee, ndiye anayestahili dawa. Mimi bado nina nguvu."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Ndizi nikazimaliza kwa sababu ya adabu tu.

Nilipokuwa nafunga kamba za viatu mlangoni ndipo akili iliponijia. Mzee mwenye jina lile la ukoo naye alikuwa miongoni mwa watoro wetu. Nikamuuliza Mama Tumpe mkwe anaishi wapi, akanionyesha kwa kidevu mtaa wa nyuma, kwa mtoto wake mdogo.

Mzee nilimkuta ameegemea ukuta anaota jua, koti zito mwilini na miguu imevimba. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa kumtembelea, akasogea nikae. Nilimuuliza kwa upole safari hii, nimeshajifunza.

Siku yao ya kliniki aliingia kituoni akamkuta mkamwana wake ameinama kwenye benchi, amejifunika khanga mpaka machoni. Akageuza akatoka. Alisema hakutaka kumtesa mtoto wa watu. "Yule ana watoto wanasoma, dawa anywe yeye. Mimi nimekula chumvi nyingi."

Kidogo nicheke, maana chumvi ndiyo hiyohiyo tuliyomkataza. Nikaitazama miguu yake, kicheko kikakata.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake siku, na hakuna aliyekwenda. Wote wawili walikuwa majumbani mwao wanaumwa, kila mmoja akiamini mwenzake anatibiwa, moyo wake umetulia.

Nilirudi kwangu kwa miguu nikiwa sitaki kuongea na mtu. Naandika ukweli hapa: kuna sauti iliniambia ninyamaze. Ripoti ilikuwa karibu kukamilika, Siku ya Kaya ilikuwa inakwenda kutandazwa kwenye vituo vingine vya mkoa kuanzia Makongolosi, na mkataba wangu unategemea mradi uendelee. Nani anapenda kusimama mbele ya mkuu wake aseme kile tulichokisifia kinaumiza watu? Lakini nikilala namwona Mama Tumpe na mkaa wake.

Leo asubuhi kikao. Nikajikaza kisabuni, nikasema yote.

Dokta si mtu mbaya, ila alikuwa ameshaupenda mpango wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hao ni watu wawili tu, na hatuwezi kupindua mpango wa mkoa mzima kwa ajili ya mkwe na mkamwana. Akauliza kama naelewa Iringa tulipata matokeo gani. Nikamwambia naelewa, mama yangu ni mmoja wa hayo matokeo, na ndiyo maana sitaki tudanganyane. Kilichomfaa mama na wifi yake Kalenga hakiwezi kushonwa kama sare ya shule akavishwa kila mtu. Nikaona uso wake unabadilika na sikupunguza sauti.

Hapo nesi mfawidhi wa kituo, mama mtaratibu ambaye vikao vyote huwa anaandika tu, akaweka kalamu chini. Akasema hata yeye hawezi kukaa benchi moja na mkwe wake, aletwe nani amlazimishe.

Dokta akamgeukia. "Sasa mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza, Dokta. Mlikuja na Siku ya Kaya imeshaiva, mkatupakulia."

Mimi nilikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa, kwa sababu mpakuaji nilikuwa mimi. Dokta alivua miwani akajipangusa uso. Nampa haki yake: alipoivaa tena hakubishana. Tukakubaliana kwamba kwenye kituo hiki kila mgonjwa ataulizwa peke yake, chumbani, siku gani inamfaa na anataka aitweje. Makongolosi isubiri mpaka tukaongee na watu wake kwanza. Na ile sentensi ya uelewa mdogo nikaomba ifutwe palepale nikiona. Ikafutwa.

Mchana nikampigia mzee kumpa habari. Nilidhani atachagua siku tumalize. Akasema niende kwa mkamwana kwanza, achague yeye, halafu atachukua itakayobaki.

Nikampigia Mama Tumpe. Akasema hapana, aanze baba.

Nikampigia tena mzee. Akang'ang'ania vilevile, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayekataa kipande cha mwisho cha nyama. Nikaona hawa watu wataheshimiana mpaka niwazike wote wawili. Uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena, na unisamehe. Usipochagua wewe, mkamwana wako hachagui. Asipochagua hanywi dawa. Presha yake juzi niliipima kwa mkono wangu na sikuipenda."

Nikasikia kuku wanapita karibu na simu yake. Kisha akasema, "Niandike Jumanne."

Mama Tumpe hakuuliza siku gani zipo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama baba ameshapata yake. Nikamwambia amepata. Akashusha pumzi ndefu, akasema basi yeye Alhamisi, na akaniomba kituoni aitwe Mama Tumpe hivihivi, asitakiwe kutaja jina lingine.

Nilipokata simu nikajikuta nalia ofisini, mbele za watu, na wala sikuona haya.

Sasa nimekaa na chai imeshapoa, najiuliza huko kwingine kote tulikokuwa tunajiandaa kwenda, ni nani amejifungia nyumbani na ugonjwa wake kwa ajili ya kumpisha mwenzake, na nani atakwenda kubisha hodi kwake.

Jumatatu nakwenda Makongolosi. Sibebi mpango wowote.