Taa za Gari la Kulala

Jumamosi, Kiwalani

Kumbe hazikuwa mbovu! Taa zote sita za LED nilizofunga asubuhi kwenye hiki kibasi tulichokigeuza nyumba ziligoma kuwaka. Balbu za zamani zilikuwa zinamaliza betri, na Jumatatu nampeleka mama Iringa. Tukilala njiani halafu gari lisiwake...

Nikafungua moja, nikarudi nayo dukani Buguruni, mie nimefura. "Mzee Salim, umeniuzia taa mbovu!"

Akaendelea kunywa kahawa yake. "Umesahau kitu, mwanangu."

Nikamwonyesha risiti. Akatikisa kichwa. Hapo nikaelewa, nikaona aibu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa lete taa." Akaigusisha kwenye betri. Akaigeuza upande wa pili, ikawaka hapo hapo. "Hizi si kama balbu zako za zamani. Zina chanya na hasi. Umeziweka kinyume."

Nimerudi nyumbani, nimezigeuza moja moja. Mama kaingia garini na Biblia yake, anasoma huku anatabasamu.

Ile ya sita ikanisumbua. Nikainong'oneza, "Shikamoo." Ikawaka!

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika. "Nimeingoja shikamoo hiyo tangu asubuhi."