Mguu wa Bwana Harusi

Jumanne, 14 Januari

Leo nimeshika kamba ya farasi. Mimi! Miaka kumi na mitatu binti yangu anapanda farasi pale klabu, na sijawahi kuvuka ule uzio. Nilikuwa nakaa kwenye benchi, nimeupa uwanja mgongo, nashona vifungo vya wateja.

Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Kutembea tu, ardhi ngumu, mstari ulionyooka. Ndivyo alivyoandika daktari wa wanyama. Kano la mguu wa mbele wa kushoto lilichanika siku ileile binti alipovunjika paja. Novemba. Farasi alikosea kutua, akaenda chini, na mwanangu chini yake. Miezi miwili mmoja kafungiwa bandani, mwingine kitandani. Sasa farasi karuhusiwa kutembea, binti bado yuko kwenye magongo, na mtunza farasi wa klabu ni mmoja kwa farasi kumi na tisa.

Mama, ni kutembea tu, anasema. Kama kumpeleka mtoto shule.

Mtoto wa kilo mia tano!

Jina lake Bwana Harusi, kwa ule uso mweupe na maringo. Nilimtazama jichoni nikamwambia wazi: wewe ndiye uliyemlalia mwanangu. Akapiga chafya. Blauzi yote.

Ijumaa, 24 Januari

Dakika kumi na mbili sasa. Nimefundishwa kushika mguu, kabla na baada. Kwanza mzima, halafu mgonjwa, halafu mzima tena. Ukisikia mgonjwa una joto kuliko mwenzake, simama hapohapo, mwite daktari.

Mikono yangu ni ya fundi cherehani. Inajua hariri ya kweli na ya uongo hata nikifumbwa macho. Mtunza farasi anasema nina kiganja bora kuliko mashine. Pia ameanza kuniita Mama Mkwe, na klabu nzima imedaka. Mama Mkwe, umeamkaje? Mama Mkwe, bwana kala? Nikawaambia posa yenyewe sijaiona bado.

Jumapili, 2 Machi

Nusu saa. Mteja amerudisha gauni — lina harufu ya zizi! Nimelifua mara mbili. Dada yangu kacheka hadi kukohoa: wenzako hukaa karibu na waridi wakanukia, wewe umekwenda kukaa karibu na samadi.

Lakini ninalotaka kuandika ni jingine, na dada sijamwambia.

Kila asubuhi nikiinama kushika mguu ule, kuna kitu ndani yangu kinaomba: uwe na joto. Sio maumivu. Mungu anisamehe, simtakii mnyama maumivu. Joto dogo tu, la kutosha daktari aseme huyu basi, huyu ni wa malishoni. Halafu binti atafute kitu kingine cha kupenda. Kitu ambacho mtu hufanya akiwa amekaa kitini.

Wiki ya saba. Baridi. Kila siku baridi.

Na anayemponya ni nani? Ni mimi, kwa miguu yangu hii.

Alhamisi, 17 Aprili

Binti ameacha gongo la pili! Ametoka chumbani hadi kwenye cherehani, hatua kumi na moja, akanishika bega. Nimelia juu ya pindo la suruali ya mtu.

Na neno lake la kwanza? "Bwana Harusi amefika dakika ngapi?"

Jioni akaja klabu. Farasi alimnusa ule mguu kutoka juu hadi chini, polepole, halafu akaegemeza paji la uso kifuani pake. Wakakaa hivyo. Mimi nikajifanya nina shughuli na ndoo.

Jumatano, 21 Mei

Nimefanya jambo.

Daktari alikuja na mashine ya picha. Picha nzuri. Alituonyesha — nyuzi za kano zimeshikana, zimelala upande mmoja kama kitambaa kilichofumwa na anayejua. Hata mimi niliona. Binti alikuwa ameushika mlango wa banda kama vile ukiachwa utaanguka. Daktari alikuwa anakunja waya. Akageuka: na wewe, mama, unayemshika kila siku, umewahi kusikia joto baada ya matembezi?

"Mara mbili hivi. Wiki iliyopita."

Sauti yangu, imetulia kabisa. Ile ninayomwambia nayo mteja kwamba gauni litakuwa tayari Ijumaa.

Daktari akaushika mguu tena. Akasema mashine imeona leo tu, lakini huyu mama ameona miezi minne. Tuongeze wiki tano za kutembea, asipandwe na mtu. Kocha wa klabu akaitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani binti alitazama dirishani.

Nimeshona mkono wa kushoto kwenye upande wa kulia. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile.

Alhamisi, 22 Mei

Baridi. Mguu ungekuwaje tena?

Jumamosi, 28 Juni

Wiki tano zimekwisha. Leo amepandwa.

Kocha alisema dakika ishirini, kutembea tu, na kamba nishike mimi kwa sababu farasi amenizoea. Kwa hiyo sikuwa na benchi wala vifungo. Nikamwona mwanangu kwenye tandiko mara ya kwanza tangu siku ile. Hapana — niseme kweli, mara ya kwanza tangu aanze. Miaka kumi na mitatu!

Uso wake. Umelegea kama wa mtoto aliyesinzia. Nyumbani hana uso ule. Nyumbani anachechemea kutoka meza hadi jiko na meno yamebanwa. Kule juu hachechemei. Miguu minne mizima, yote yake.

Tulizunguka uwanja mara tisa. Mara zote tisa nilikuwa nafikiria zile wiki tano. Nimezichukua kwa nani? Nitazirudishaje?

Jumatatu, 11 Agosti

Viunzi vya kwanza. Vya chini, hata kuku angepita! Bwana Harusi akaviruka kama anatoroka jela, mkia na shingo juu, na Kocha, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, akaimaliza zamu yake leo. Mguu baadaye: baridi. Kocha akasema tarehe ishirini Septemba kuna mashindano, daraja la chini, tujiandikishe.

Jioni nikampima binti koti la mashindano. Amepungua, ilibidi nibane mishono ya pembeni. Pini zilikuwa mdomoni. Nikazitoa moja moja nikazichomeka kwenye kile kimto. Nikasema. Mguu haukuwa na joto mwezi wa tano. Nilidanganya.

Alibaki vilevile, mikono ameinyoosha pembeni, nusu koti nusu pini.

"Si ungeniambia tu kwamba unaogopa, Mama."

Nikamwambia nilikuambia. Nilikuambia hospitali. Nilikuambia siku uliyotolewa plasta. Kila mara unanibusu unasema usiogope.

"Sasa ulitaka nisemeje?"

Akavua koti taratibu, pini zisimchome, akaliweka juu ya kiti, akaingia chumbani. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya tatu. Shikamoo, Mama. Nimeshakula, Mama. Lala salama, Mama. Adabu tupu! Adabu inaweza kumla mtu mifupa.

Bwana Harusi peke yake ndiye anayenisemesha. Leo tulisimama kando ya uzio akaniwekea kidevu begani, mzito kama gunia, akapumua. Nikagundua simwogopi. Sijui niliacha lini. Pengine sikumwogopa yeye hata kidogo. Nilikuwa naiogopa ardhi.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumefika. Saa sita ndani ya lori. Banda la kukodi, maranda mapya, majirani wenye farasi wanaong'aa kama viatu vya shule. Koti nililimalizia mwenyewe, bila kulipima tena. Amelijaribu leo. Limemkaa. Amesema asante, akasita kidogo, akasema: umebana vizuri. Tunazungumza sasa, mambo ya kawaida. Lile hatujaligusa tena.

Bwana Harusi hakula vizuri. Nami vilevile.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nimekalia ndoo. Saa tatu kasoro asubuhi. Mwandiko wa kuku.

Alfajiri binti alinijia mbio, zile mbio zake za upande. Mama, mguu umejaa. Kweli, kwa macho ulikuwa umejaa kidogo, juu ya kifundo. Kocha akashika, akasema ni safari, kusimama lorini siku nzima, hata wa kulia umejaa ukitazama sana. Nikamtembeza nusu saa. Uvimbe ukashuka. Sio wote. Daktari wa mashindano akamtazama akienda mchakamchaka, akasema hachechemei, simzuii, uamuzi ni wenu.

Kocha akasema aingie. Binti akasema, "Ngoja. Mama amshike."

Kocha akanitazama. Sijui kama anajua. Nikamwambia binti pembeni, una hakika unataka mkono huu? Akanitazama, sio kwa hasira, wala sio kwa kunitega. Kama mtu anayemuuliza mwenyeji njia.

"Utakalosema ndilo. Sitabisha."

Nikapiga magoti kwenye maranda. Mzima. Mgonjwa. Mzima tena. Nikafumba macho.

Ningeweza. Jotojoto — neno lenyewe dogo, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lilikuwa tamu. Neno moja tu, na jioni tungekuwa nyumbani, mwanangu mezani, anakula, mzima.

Nikaushika tena nikiomba mkono wangu ukosee. Haukukosea.

"Sawa na mwenzake," nikasema. "Hauna joto."

Binti akachuchumaa, kwa shida, ule mguu bado haukunjiki wote, mpaka tukawa uso kwa uso chini ya tumbo la farasi.

"Na wewe?" akauliza.

"Naogopa mpaka meno."

Hakunibusu. Hakuniambia nisiogope.

"Na mimi, Mama. Tangu Novemba. Kila siku."

Miaka yote hii! Nilidhani hofu ya nyumba ile naibeba peke yangu. Nilidhani yeye hakuzaliwa nayo. Tukakaa pale kwenye maranda kama watoto waliojificha, hadi Kocha akatuuliza kama tunatafuta pete.

Sasa wako kule wanapasha misuli. Viunzi tisa. Nimevihesabu mara nne. Cha sita ni kama kile cha siku ile, magogo mawili na maua ya plastiki, sijui nani anapanga maua mahali kama hapo. Wamebaki wawili mbele yake. Mmoja. Koti halijavuta popote, mabegani limelala. Amefunga kofia. Amegusa shingo ya farasi.

Wameita namba yake.

Amesimama. Bwana Harusi amesimama langoni, miguu minne kama meza, hataki. Binti anambembeleza. Kocha anamsukuma kwa bega, ni kama kusukuma nyumba. Kichwa kinageuka huku, kinageuka huku, kinatafuta. Kimeniona. Masikio yote mawili.

Binti naye ameniona. Haniiti. Wala hanikatazi. Ananitazama tu, mkono kwenye hatamu, na lango liko wazi nyuma ya masikio ya farasi, na viunzi vyote tisa viko kule ndani.

Msimamizi wa lango anapaza sauti, huyu farasi ana mtu wake hapa au hana?

Ana. Mimi. Naweka kalamu.