Ukifa, Tumpe Nani?

Zai, bado niko Makina kwa nyanya, na mdomo haujafungika.

Unamjua baba yake, mzee Fadlalla, yule wa picha ya sare za KAR, jeshi la wakoloni. Mwaka wa arobaini na tisa ajenti wa bima ya maisha alimjia nyumbani, na mzee akakubali kila kitu kabla chai haijapoa.

Ajenti akauliza, "Ukifa, pesa tumpe nani?"

Mzee alizoea kujibu maafisa bila kufikiri. Akasema, "Wakarima."

WAKARIMA. Jina la mwanamke. Na mkewe Kaltuma ameketi papo hapo, birika mkononi.

"Wakarima ni nani?"

"Ni wa Kawangware," mzee akasema, jasho likimtoka.

Kaltuma hakupiga kelele. Akamgeukia ajenti. "Akishanunua, halafu nimuue mimi, huyo Wakarima mtamlipa?"

"Tutamlipa, mama."

"Basi itabidi aishi."

Zai, mzee alitia kidole gumba kwenye fomu hapo hapo, hata bei hakuuliza.

Nikacheka, nikamwambia nyanya, "Kumbe mama yako alikuwa moto."

Akaendelea kuchambua mchele. "Kaltuma alinilea. Aliyenizaa ni Wakarima."