Uliniambia Lizboni

Mpendwa dada Spesi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina anwani yako, na kwa sababu jambo hili nimelificha mpaka limenichosha. Mji ulipo sitautaja. Hata mimi siujui vizuri, na mume wako Aloys naye anajua kusoma.

Binti yako Ines ni mzima. Ametimiza miaka kumi na moja na amerefuka miguu. Viatu ulivyomwachia tumempa mtoto wa jirani. Mama bado anakaanga ndagala, vile visamaki vya ziwani, mbele ya mlango wetu hapa mtaani Jabe na bado anagombana na kila mteja. Mi bado nakata tiketi kwenye ile ajansi ya safari mjini, meza ileile ya dirishani. Meno mawili ya mbele niliyowekewa hayafanani na mengine. Wateja hunitazama mdomo kwanza, ndipo waniambie wanakotaka kwenda.

Nianze na siku ile mlipokuja wote wawili. Mlikuwa mmetimiza miaka kumi ya ndoa, duka la vipuri la Aloys lilikuwa limesimama vizuri, akaamua mtakwenda Ulaya likizo ya Pasaka.

"Printemps," alisema, yaani majira ya maua ya Wazungu, akijinyoosha kwenye kiti. "Watu wenye akili wanaenda wakati wa printemps."

Ukacheka. "Sisi tunajua mvua na kiangazi. Hiyo printemps ikoje?"

Nikawageuzia kompyuta, nikawaonyesha Roma, Amsterdam na maua yake yaliyopangwa kama mashamba ya mchicha, Paris, Lizboni na tramu zake za njano zinazopanda mlima. Aloys akakwambia uchague. Hukusita hata kidogo. Uliweka kidole juu ya Lizboni.

"Tunaenda Paris," akasema. "Ndugu zangu wawili wako Paris."

"Lakini umesema nichague."

"Nimesema uchague. Sikusema ubishe."

Alicheka, na mimi nikacheka naye. Mkono wake ulikuwa chini ya meza. Nikaona shingo yako inakaza na machozi yanajaa kwenye jicho moja, kisha ukasema polepole, "Sawa. Paris ni muzuri." Ulipoinua mkono kuchukua karatasi niliyokupa, kidole chako kidogo kilikuwa kimepinda na kuanza kuvimba. Nilikiona, dada. Nikakuuliza kama mngependa hoteli yenye chai ya asubuhi.

Ungekuwa kama mimi, ningekuwa nimekufa zamani. Unakumbuka yule mchukuzi wa mizigo aliyenizaba kofi pale bombani kwa sababu niliingia mbele ya mstari? Nilikuwa na miaka minane, wewe kumi na tatu. Ulimpiga na dumu la maji shingoni, akapiga magoti, ukampiga tena. Wanawake wakakuvuta kwa nguo, na bado ulikuwa unapiga hewa kwa miguu, ukipiga kelele, "Mutu asimguse mdogo wangu! Asimguse!" Usiku huo Mama alikuchapa kwa kumtia aibu, na hukulia. Yule msichana ndiye niliyezoea. Huyu aliyekuwa anakaa na mikono katikati ya magoti, akimwangalia mumewe kabla ya kujibu kama ana kiu, sikumzoea, na nilijifanya simwoni.

Wiki iliyofuata ulirudi peke yako saa ya chakula cha mchana. Joto lilikuwa kali na ulikuwa umejifunga kitambaa mpaka kidevuni. Ukavuta kiti, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Tiketi ya Lizboni, ya mutu mukubwa moja na mutoto, inaweza kupatikana?"

"Si mnaenda Paris?"

"We nijibu tu."

Nikatafuta, nikakwambia inawezekana, visa ndiyo itakayochukua muda. Kisha ukasema Josiane, yule mliyesoma naye sekondari, anahudumia wazee huko Lizboni na ana chumba cha ziada. Ukainuka. Mlangoni ukageuka.

"Usimwambie Aloys. Mi nitamwambia mwenyewe."

Nikasema, "Apana, siwezi kumwambia."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Aloys alinipigia simu. Aliuliza kama nafasi za Paris zimeshikwa. Nilikuwa na wateja wawili mbele yangu wakirushiana maneno kuhusu mzigo. Nikasema, "Nilidhani mmebadilisha, shemeji. Spesi alipita jana kuuliza Lizboni. Ya mutu moja na mutoto."

Ni mimi, dada. Hakunitega wala hakunitishia. Nimejaribu kujiambia kwamba nilisahau ahadi yangu kwa sababu ya zile kelele, lakini sikusahau. Aloys ndiye aliyenitafutia ile kazi, na tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kumjibu kila anachouliza, haraka, kwa tabasamu, kama anavyojibiwa mkubwa. Maneno yalishatoka ndipo niliposikia jinsi yalivyokaa. Ya mutu moja na mutoto. Akasema, "Merci, shemeji," akakata.

Nilikupigia mara tatu, hukushika. Mara ya nne akashika Ines.

"Tantine, papa anamuua mama."

Unajua mafuta yalivyokuwa yameadimika. Magari yalilala kwenye foleni za vituo siku nne, tano. Nilikimbia mtaa mzima nikigonga vioo vya teksi zilizokauka, mpaka nikampata mzee mmoja aliyekuwa na petroli ya magendo kutoka Gatumba mpakani kwenye chupa za mafuta ya kula. Mvua ilianza tulipokaribia kwenu Kibenga. Nikamwambia apige honi njia nzima, sijui kwa nini.

Zamu wenu, yule mlinzi wa geti, alikuwa amesimama nje akiloa, ameipa nyumba mgongo. Nilimsukuma nikaingia.

Aloys alikuwa amekuburuza mpaka uani. Gauni lilikuwa limepasuka mgongoni, na alikuwa anakupiga na mkanda upande wa chuma, si kwa hasira ya kelele, kwa utulivu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye zulia. Kila pigo liliacha alama ya mraba. Ulikuwa umekunja mwili juu ya udongo na hukutoa sauti. Nilichukua mwiko mkubwa wa ugali uliokuwa kwenye ndoo ya vyombo, nikampiga kisogoni kwa nguvu zangu zote. Mwiko ukavunjika. Akageuka akanipiga ngumi moja ya mdomo, nikayasikia meno yangu kwenye ulimi. Nikaanguka. Akaokota spana ya magurudumu iliyokuwa karibu na gari, akanijia.

Ndipo uliposimama. Sijui ulitoa wapi hiyo nguvu, mguu mmoja haukukanyaga. Ukaingia kati yetu. Ile spana iliyokuwa inanijia mimi ikakukuta wewe upande wa kushoto wa kichwa. Nilisikia mlio wake. Damu ikatoka sikioni, nyembamba, ikachanganyika na mvua, na hata hapo hukuanguka; ulimshika shati kwa mikono miwili mpaka zamu akaja mwishowe, akambana Aloys ukutani, huku jirani yenu wa Kikongo akipiga mayowe juu ya ukuta.

Hospitalini walisema sikio hilo halitasikia tena. Siku ya sita Aloys akaja na baba zetu wadogo wawili na keki. Yule mkubwa kati yao akasema nyumba haivunjwi kwa siku moja mbaya. Aloys akapiga magoti mbele ya kitanda, akalia machozi ya kweli, akaweka bahasha juu ya shuka. Tiketi za Paris, zake na zako, kazikata ajansi nyingine. Ines angebaki. Kila mtu mle chumbani alielewa kwa nini Ines abaki.

"Nitaenda," ukasema.

Nilingoja watoke. Unakumbuka nilichokwambia? Mimi nakumbuka kila neno. Nilikuwa na pamba mdomoni na bado nilipiga kelele hadi muuguzi akaja. Nilisema wewe ndiye unayependa kupigwa. Nilisema, "Nenda basi, ukafie huko Ulaya, watakuzika kwenye maua yao." Ukageuza kichwa ili sikio zima linielekee, ukanisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukaniuliza kama nimepata mtu wa kuniwekea meno.

Visa zilipotoka, Aloys alitaka Ines apelekwe Muyinga kwa mama mkwe wako. Ulikubali yote mengine, hilo ulilikataa. Ulimleta Jabe mwenyewe, na sanduku ambalo lilikuwa kubwa mno kwa likizo ya wiki mbili. Nililifungua mlipokwisha kuruka. Chini ya nguo kulikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule zote, na picha zako za utotoni. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa sababu nilielewa sasa kwamba ulikuwa umekubali Paris kwa akili zako timamu.

Siku ya tatu huko Paris, Aloys alisimulia baadaye, aliingia kuoga. Alipotoka hukuwepo. Pasipoti yako aliyokuwa akiitunza kwenye mfuko wa shati nayo haikuwepo. Wiki moja baadaye Josiane alinitumia ujumbe: "Yuko hai. Msimtafute." Lizboni haupo, hilo naweza kuliandika, maana huko ndiko ndugu za Aloys walikoulizia kwanza. Ule mlango niliufunga mimi.

Aloys aliporudi alikuja Jabe moja kwa moja na vijana wawili wa dukani kwake. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko limejaa. Mama alikuwa kwenye mbabula yake ya makaa, kikaango kinachemka.

"Mumemficha wapi?"

"Humu kuna mutoto tu," Mama akasema.

"Basi mi nachukua mutoto."

Mama akasimama mlangoni. Aloys akampiga kofi, Mama yetu, mwanamke wa miaka sitini na tano. Kitambaa kikamtoka kichwani. Nikamrukia Aloys mgongoni, nikamng'ata bega, akanibamiza ukutani. Na Mama, bila kusema kitu, alishika kikaango kwa khanga akammwagia mafuta, ndagala na yote, kwenye mkono na shingo.

Kelele aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mtu. Vijana wake wakakimbia. Na Jabe ikaja, unaijua Jabe. Wakaja na michi, na vyuma vya kufungia vibanda, na viatu. Alikuwa chini akijifunika uso kwa mkono ambao haukuungua, na watu wanampiga, na mimi niliingia katikati yao nikampiga mateke. Mbavuni. Mdomoni, mahali palepale aliponipiga mimi. Nilifurahi, Spesi. Nakuandikia ukweli. Nilihesabu meno yangu kwenye mdomo wake na nilitaka afe.

Kilichotusimamisha ni Ines. Alikuwa ametoka ndani, amesimama juu ya ndagala zilizomwagika, bila viatu, analia, "Mumuache papa wangu! Mumuache!" Mtu aliyekuwa ameshika jiwe aliliweka chini. Mimi nilibaki mguu juu. Mtoto aliuona mguu wangu, kisha akanitazama mimi.

Polisi walimchukua. Mkuu wa mtaa na zamu wenu walitoa ushahidi, zamu akilia kwa aibu, na tribunali ikaamua Ines akae kwa bibi yake hapa Jabe. Aloys alifungwa, ametoka, anaishi. Mkono wake umekunjamana. Nikikutana naye mjini anavuka barabara.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa namsuka Ines. Amekaa katikati ya magoti yangu, nusu ya kichwa imekwisha. Nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena. Nikasema, "Ines, siku ile Kibenga, ni mi nilimwambia papa wako kuhusu Lizboni."

"Najua, tantine."

Mikono ikanisimama. "Nani alikwambia?"

"Papa mwenyewe alisema, wakati anampiga. Alisema, 'Mdogo wako ameniambia yote.' Alirudiarudia. Mama alisikia."

"Kabla mi sijafika?"

"Ego, ndiyo. Mbele ya we kufika."

Kisha akaniambia nimalize, kichwa kinamuuma.

Nilimaliza kumsuka. Nikatoka nikasimama nyuma ya nyumba.

Ulijua. Ulipoinuka kwenye ule udongo kwa mguu mmoja, ulijua ni nani aliyekuwa amelala nyuma yako na alichokuwa amefanya. Kwenye kile kitanda, nikikutukana, ulijua. Ulipotafuta katika dunia nzima nyumba ya kumwacha mtoto wako wa pekee, uliuweka mkono wake kwenye mkono uleule uliokuuza, ukaniambia tu kwamba hapendi vitunguu.

Siombi uniambie kwa nini. Sijui hata kama ningelielewa jibu. Nataka tu ujue kwamba mimi nami najua sasa, na kwamba sijifichi tena kwako. Karatasi za Ines za kuungana na wewe nimezianza. Josiane ananisaidia, zinaenda taratibu, ila zinaenda. Safari hii hakuna mtu niliyemwambia ni mji gani. Hata Mama anauliza, namwambia subiri.

Kaa salama huko, mahali popote palipokupokea. Ule vizuri. Ukisikia baridi vaa mara mbili.

Mdogo wako