Muhtasari wa Moto wa Kiwanda cha Magodoro

Jumatatu, 4 Machi
Darasa la Kiingereza tena. Kila Jumatatu mhadhiri wetu, Daktari Ogola, hutuletea habari moja ya gazetini, tuifupishe kwa Kiingereza cha chuo. Leo bei ya sukari. Sheria zake ni zile zile: usiseme "mimi", usilaumu bila ushahidi. Kazi yangu ya wiki jana imerudi imejaa wino mwekundu. Ameandika pembeni kwamba nina hasira nyingi. Ilikuwa habari ya watu kubomolewa nyumba. Sijui ningeiandika vipi bila hasira.

Wanza amenicheka. Dada yangu huyu aliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki, ili mimi niendelee. Sasa anashona magodoro Industrial Area, kibarua cha siku kwa siku. Hunitaka nimsomee kazi zangu kwa sauti. Nusu haelewi. Anasema anapenda tu kusikia.

Alhamisi, 7 Machi
Kiwanda cha kina Wanza kimeungua. Moshi tuliuona tukiwa hapa mtaani Kaloleni. Mweusi, mzito. Mama alikuwa anaanika nguo. Aliziacha kwenye beseni akakimbia na ndara zake.

Tulimpata hospitalini. Mikono na uso vimefungwa bandeji. Aliniambia kwa Kikamba kwamba mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Supavaiza huufunga kila asubuhi, eti vibarua wanaiba vitambaa. Alimwona akiufunga. Wenzake watatu hawakutoka.

Jumamosi, 9 Machi
Moshi umeharibu mapafu ya Wanza. Ndivyo daktari wa wodi alivyosema, akaenda kitanda kingine. Mama anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Namchukia supavaiza. Namchukia aliyemwajiri. Leo nachukia hata nyimbo.

Jumatatu, 11 Machi
Wanza alinifukuza wodini.

"Enda shule," alisema. "Hapa utafanya nini?"

Nikaenda. Habari ya wiki: moto wa kiwanda cha magodoro. Daktari Ogola aliiweka ukutani kwa projekta, picha na yote. Hakujua. Hakuna aliyejua. Alitufundisha kueleza tukio bila kumtaja mtendaji. Mlango ulikuwa umefungwa. Basi. Umefungwa na nani, hilo si kazi ya muhtasari.

Brayo wa mtaa wa Donholm, anayekaa mbele yangu, alisema vibarua huwa hawafuati maagizo ya usalama. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliikalia mikono yangu.

Wiki ijayo kila mtu asimame asome muhtasari wake.

Jumatano, 13 Machi
Wanza amefariki. Wakati wa uji wa asubuhi. Wake ulikuwa umeshamiminwa kikombeni.

Jumatatu, 18 Machi
Mama hakutaka niende. Nilienda.

Nilipoitwa nilisimama bila karatasi. Nilisema kwa Kiingereza, polepole, nisikosee. Supavaiza wa asubuhi alifunga mlango wa nyuma kwa kufuli. Dada yangu alikuwa ndani. Jina lake ni Wanza. Tunamzika Jumamosi.

Daktari Ogola akauliza chanzo cha habari hiyo ni nini. Nadhani ni mazoea tu, mdomo ulitangulia.

"Yeye mwenyewe," nikamwambia kwa Kiswahili. "Aliniambia akiwa kitandani."

Brayo alitazama meza. Nilikaa. Sikulia. Nilitaka wao ndio walie.

Alhamisi, 21 Machi
Mkutano wa mazishi, ukumbi wa Kaloleni. Kiwanda kilituma shada la maua na mtu aliyevaa tai. Alisema uchunguzi unaendelea. Mama hakumpa mkono. Wenzake Wanza wanasema supavaiza yuko kazini kama kawaida, amehamishiwa kiwanda kingine cha bosi huyo huyo.

Wanataka kupeleka malalamiko ofisi ya leba ya serikali. Wakasema yaandikwe kwa Kiingereza kizuri, yasitupwe. Wakanigeukia mimi. Nimekubali. Sina imani nayo sana.

Daktari Ogola alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kati ya akina mama wa kanisa, mkoba magotini. Watu walipoanza kutoka alinifuata.

"Pole, Mueni. Lile swali langu lilikuwa la kipumbavu."

Nilimletea chai. Akainywa yote amesimama. Bado nina hasira naye.

Jumapili, 24 Machi
Tulimzika jana, nyumbani Machakos. Udongo mkavu, vumbi tupu. Mama alitaka kumwona uso mara ya mwisho. Wajomba walimkatalia. Walifanya vizuri. Sitamwambia kamwe kwamba mimi niliuona.

Jumatatu, 25 Machi
Asubuhi Mama alitoa blauzi ya Wanza ya kanisani, ile ya kijani. Akaipiga pasi, akaiweka kitandani kwangu. Mikono ya blauzi ni mirefu kwangu. Niliivaa, nikaikunja mikono, nikaenda nayo darasani.

Hakuna aliyeuliza. Habari ya leo ilikuwa mvua na barabara zilizokatika. Nilisoma aya ya kwanza. Nikarudia, haikuwa imeingia. Kisha nikasoma ya pili.