Kombi Yako Ililala Harrismith

Overport, Durban
Jumapili jioni, Julai

Papa,

Nimeolewa! Nilitaka kuanza na salamu kama inavyotakiwa, lakini neno hili limenitangulia. Nimeolewa, Papa, na Elie. Yule yule. Yule aliyekuletea gari la mkate mara tatu kwa mwezi mmoja, kila mara akisema linatoa mlio ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Wewe uliinama, ukasikiliza, ukajifuta mikono, ukaniambia kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia: "Jeanine, mtoto yangu, gari yake iko nzima. Mgonjwa ni yeye mwenyewe." Nilitaka ardhi ya gereji inimeze. Sasa ninalala na kuamka pembeni ya mgonjwa huyo, na ninamshukuru Mungu kwamba hajapona.

Harusi ilikuwa nzuri kuliko nilivyoota. Mama Odette, mke wako, alikaa mstari wa mbele mahali ambapo mama yangu mzazi angekaa. Kiti cha pembeni yake tulikiacha wazi. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Kilio changu kilianzia hapo, na Elie akanikabidhi leso yake ambayo ilikuwa na harufu ya mkate.

Lakini Papa, barua hii si ya harusi tu. Kuna jambo nimelifanya na kombi yako, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka nilipokuja kwako, mwaka ule wa Kombe la Dunia? Ilikuwa baridi ya Juni. Baridi ya Durban, ambayo wateja wa Kizulu waliipita wamevaa kaptula, na wewe ulikuwa na makoti mawili na kofia ya sufu imefika kwenye nyusi. Asubuhi kulikuwa na msururu wa betri zilizokufa mlangoni pale Greyville. Wewe hukugusa gari lolote kabla ya kutandaza spana zako zote juu ya bati, juani, kama mama wa kwenu Kalemie, kando ya ziwa, anayeanika dagaa. Mwenye gari akipiga kelele kwamba amechelewa kazini, ulimjibu, "Spana baridi inateleza, ikiteleza inakula mkono. Mkono yangu ukiliwa, wewe utafika saa ngapi?" Eish, Papa. Nilicheka peke yangu nyuma ya matairi, na nikajua nitabaki hapo.

Na kila mteja wa miezi ya baridi ulimuuliza swali lile lile: "Hii gari italala wapi?" Si inaenda wapi. Italala wapi. Akisema Durban, Pinetown, Umlazi, tulimjazia rejeta maji ya bomba na safari njema. Akitaja mji wowote wa juu ya milima, ulimwaga maji yote na kutia ile dawa ya kijani inayozuia maji yasigande. Sisi wa pwani hii hatuioni barafu ila ndani ya friji. Ndiyo maana ulinifundisha kuuliza, kwa sababu macho yangu hayatanikumbusha.

Basi sikiliza. Mama yake Elie anaishi Harrismith, kule juu ya milima, kwa kaka yake Elie anayeitwa Gaspard, ambaye anauza mablanketi sokoni. Magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo hakufika harusini. Tukakubaliana kwamba wiki moja baada ya harusi nitapelekwa kwake anifunue kama desturi yetu Warundi inavyotaka. Unajua desturi hiyo, nilikusimulia: bibi arusi hashiki ufagio wala sufuria mpaka wakwe wamfunue rasmi mbele ya watu. Mpaka siku hiyo yeye ni wa kukaa na kutazamwa.

Mama Odette akatuazima kombi. Ndiyo, ile ile uliyomwachia, inayobeba wanakwaya na watu wa mazishi na kumlipia nyumba. Hana kitu kingine, Papa, wewe unajua na mimi ninajua. Alinipa funguo kwa mikono miwili akasema, "Endeni, wanangu, hii ndiyo zawadi yangu."

Alhamisi nikakuta mpira mmoja wa rejeta umepasuka. Nikaubadilisha. Elie alikuwa amekaa kwenye ndoo, ananiletea sambusa mdomoni kwa sababu mikono yangu ilikuwa na oili, na ananiambia macho yangu yanang'aa hata chini ya boneti. Nikavuta bomba la ukutani, nikajaza rejeta, nikafunga kifuniko, naimba. Maji matupu ya Durban. Gari lako mwenyewe, safari yangu mwenyewe, na sikujiuliza lile swali.

Tulifika Harrismith Jumamosi jioni. Mama mkwe alinishika uso kwa viganja viwili akaniangalia mpaka machozi yakamtoka, nikampenda papo hapo. Tulilala chini ya mablanketi manne. Nilikuwa na furaha sana kiasi kwamba hata sikuitambua baridi ile ni baridi ya namna gani.

Alfajiri nikatoka kutafuta maji ya kunywa. Uani majani yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Gaspard alikuwa ameinamia ndoo na fimbo, anapiga. Maji yalikuwa yamekuwa jiwe. Alikuwa anacheka, "Shemeji, karibu kwetu, huku maji tunayavunja kwanza!" Nikacheka naye. Halafu nikaiangalia ndoo tena. Halafu nikaiangalia kombi.

Papa, ilikuwa imelala Harrismith na maji matupu.

Na wakati huo huo nikamwona Elie ameingia ndani yake, ameweka ufunguo, anataka kuiwasha ipashe joto ili mama yake akae humo. Nilikimbia na ndala za mama mkwe, moja ikabaki njiani. "Elie, usiwashe! Usiwashe!" Alidhani nimeota vibaya. Lakini hakuuliza. Alichomoa ufunguo akaniwekea kiganjani, na Papa, nakuambia, mwanamume anayechomoa ufunguo kwanza na kuuliza baadaye ni wa kuzeeka naye.

Ulinieleza mara moja tu, na niliamini bila kuona: maji yakiganda yanavimba, na chuma kikikosa nafasi kinapasuka. Injini ikipasuka ukuta wake imekufa, na ukiiwasha maji yakiwa bado jiwe unaimalizia. Nililala chali kwenye majani yale na kumulika kwa tochi. Ubavuni mwa injini kulikuwa na ulimi wa barafu umetokeza nje. Kile kifuniko kidogo cha bati, cha duara kama sarafu, ulichokiita pastille, kilikuwa kimesukumwa kutoka kwenye tundu lake. Nikakumbuka maneno yako, kwamba ikitoka pastille tushukuru, bora mlango ufunguke kuliko ukuta uanguke. Lakini je, ukuta nao ulikuwa mzima? Hilo lisingejulikana mpaka barafu yote iyeyuke. Nilimfikiria Mama Odette. Nilimwona akihesabu wanakwaya wanaopanda gari la mtu mwingine. Nililia pale chini, na machozi yakawa ndiyo kitu pekee chenye joto usoni mwangu.

Kisha ushauri ukaanza. Jirani mmoja akasema tuisukume mteremkoni. Mwingine akasema tuwashe moto chini yake. Gaspard akatoka mbio na birika linalochemka, nikamzuia kwa miguu maana mikono ilikuwa haisikii. "Chuma baridi na maji ya moto hawasalimiani," nikamwambia. Ni maneno yako, Papa, yalitoka na sauti yako kabisa, hata Elie akashtuka. Tukachukua maji ya uvuguvugu, matambara, na uvumilivu. Kila nusu saa nilibadilisha tambara. Jua lilipanda polepole kama limelazimishwa.

Sikuwahi kufanya kazi ngumu vile. Kazi yenyewe ni ndogo, ni baridi iliyoifanya ngumu. Spana zilinata kwenye vidole. Nilishika bolti nikadhani nimeishika, kumbe imeshaanguka, na kuitafuta bolti kwenye majani ya barafu ni kama kutafuta jino. Kibanio kimoja cha plastiki nilikigusa tu kikavunjika kama biskuti. Nilijikata kidole na sikujua mpaka nilipoona damu kwenye kitambaa. Gundi ya kuzibia ilikataa kutoka kwenye tyubu. Elie akaichukua, akafungua vifungo vya shati, akaiweka kwapani. Alipomaliza na gundi, alichukua mikono yangu michafu akaiweka mahali pale pale. Aliruka, Papa! Aliruka kama amepigwa na umeme, lakini hakuitoa.

Kutoka ndani nikamsikia mama mkwe, "Bibi arusi wangu yuko wapi?"

"Yuko chini ya gari, Mama," Gaspard akajibu.

Wanawake walikuwa wameshaanza kufika kwa sherehe ya saa nane, na mimi nilikuwa sijafunuliwa na nimeshashika nyundo. Nikaona miguu yake mizee inakuja taratibu na fimbo, nikafumba macho. Akasema, "Niliambiwa mwanangu ameoa fundi. Nikadhani wa cherehani." Wanawake wakaangua kicheko. Halafu kitu kizito kikaniangukia tumboni. Lilikuwa blanketi jipya la dukani, hata nailoni yake haijatolewa. "Lalia hilo. Nimepewa binti mmoja, sitaki aharibike mgongo siku ya kwanza."

Barafu ilipoyeyuka, nilikisafisha kile kifuniko, nikakipaka gundi, nikatafuta soketi ya spana inayolingana nacho, na nikaanza kukirudisha. Mkono wangu ulitaka kupiga kwa hasira. Lakini ulikuwa umenizoeza: "Piga kama unaomba, siyo kama unalipiza." Nikaomba. Kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kikaingia. Gaspard alikuwa ameleta ile dawa ya kijani kutoka kituo cha mafuta, tukajaza. Nikampa Elie ufunguo. Ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Nikarudi chini na tochi, nikakaa humo mpaka wakaanza kuniita kwa majina yangu yote. Hakuna tone. Nikachomoa kijiti cha oili nikakiangalia juani. Safi, nyeusi, bila maziwa yoyote, yaani maji hayakuingia kwenye oili.

Nilifunuliwa saa kumi badala ya saa nane, na kucha nyeusi. Shangazi yake Elie alizisugua kwa ndimu na sukari, akachoka, akasema ziachwe, ndizo zimeleta ndoa. Elie aliniangalia siku ile kama vile nimevaa dhahabu. Naweza kuandika kurasa kumi kuhusu jinsi alivyoniangalia, lakini wewe ungesema nirudi kwenye injini.

Njiani kurudi sikuyatoa macho kwenye geji ya joto. Elie akasema polepole, karibu na Pietermaritzburg, kwamba kombi inakwenda vizuri, na kwamba kama nikinyamaza hakuna atakayejua. Alisema kwa kunihurumia. Lakini kifuniko kile kilikuwa kimetoka, na pengine kulikuwa na ufa mwembamba mahali nisipopaona, na siku ukifunguka, Mama Odette angeambiwa gari limezeeka. Tukapita kwake kabla ya kufika kwetu. Alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti na nguo zangu za sherehe, nikamwambia yote, kuanzia sambusa.

Elie akaanza, "Mama, kosa ni langu pia..."

"Nyamaza, baba. Siyo wewe niko naongea naye." Akausukuma ungo wa maharage pembeni. Kisha: "Injini iko inapumua?"

"Inapumua, Mama."

"Mapenzi imekutoa akili."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kuleni kwanza. Kesho asubuhi unaifungua, unaangalia yote tena, na mimi niko pale nakuona."

Na kweli alikuja, Papa. Aliweka kiti katikati ya gereji, amevaa kofia yako ya sufu, akanitazama kwa saa tatu. Niliipima injini kwa kila njia uliyonifundisha. Nikaiacha ichemke, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena. Haina ufa. Nilipomwambia, alisimama, akachukua funguo kwenye meza, nikadhani ananinyang'anya. Akazirudisha kwenye mfuko wa ovaroli yangu na kuufunga kifungo yeye mwenyewe. "Fundi wengine wangeniambia gari imezeeka," akasema. "Hii itakuwa kwako, siku zote. Mwingine asiiguse." Halafu akaomba apelekwe nyumbani, na akakaa mbele.

Asante, Papa. Asante kwa kila jambo ulilonirudishia mara mia huku ukipuliza vidole vyako. Ulinichukua msichana mwenye cheti cha sekondari na viatu vya kuazima, ukanipa kazi ambayo hata baridi haikuweza kuninyang'anya. Sikukushukuru vya kutosha ulipokuwa hai. Nilidhani kuna muda.

Sasa lala, Papa, Mungu akutunze. Mama Odette hatakosa gari maadamu mimi nina mikono, hilo nimekuahidi tayari moyoni. Na hili nakuahidi kwa maandishi: nitakapokosea tena, na nitakosea, kwa sababu mimi ni mwanadamu na nina mume mzuri sana, Mama Odette atalisikia kosa hilo kutoka kinywani mwangu kabla injini haijapoa.

Mwanao,
Jeanine